Kabla ya Kumhamisha Mama Mjini

Mwezi wa Desemba, magari yakishapanda kwenda Marangu, Kibosho na Machame, mkoani Kilimanjaro, hufanyika vikao ambavyo havimo kwenye ratiba ya sikukuu. Watoto waliotoka Dar es Salaam, Arusha na Nairobi hukutana nyuma ya nyumba mama akishalala, wakaulizana kama bado anaweza kukaa peke yake. Mmoja ameona miguu imevimba. Mwingine amesikia kwa jirani kwamba mwezi wa tisa alianguka mgombani na hakumwambia mtu. Wa tatu, mara nyingi yule mwenye uwezo zaidi wa fedha, anasema mama ahamie mjini, yaishe. Kabla watu hawajarudi makazini jambo limeshaamuliwa, na limeamuliwa kwa ushahidi dhaifu kabisa.

Nasema dhaifu kwa sababu sikukuu ndiyo wakati mbaya kuliko wote wa kumpima mzee. Nyumba imejaa watu. Maji yamechotwa na wajukuu, chakula kimepikwa na wakwe, uani kumefagiwa. Mama amevaa kitenge kipya na amejikaza siku tatu nzima ili msimwone amechoka. Au imekuwa kinyume chake: kelele, usingizi uliokatika na vyakula asivyovizoea vimemchanganya, akaita watu majina yasiyo yao, nanyi mkahitimisha kwamba akili imekwenda. Simu nayo haisaidii. Kwenye simu kila mzazi ni mzima. Atakuuliza wewe habari za kazi, atawauliza watoto, na goti lililomlaza kitandani juzi hatalitaja, kwa sababu anajua ukisikia utapoteza nauli na siku za kazi kwa ajili yake.

Ukitaka kujua kama mzazi wako anaweza kujitegemea, nenda siku isiyo na jina. Februari ni nzuri, au siku zozote za katikati ya mwezi. Lala kwake usiku mbili au tatu, uone siku yake ikianza na kuisha. Na jambo gumu kuliko yote: usimpokee ndoo. Kwa mtoto aliyelelewa vizuri hili linauma, kwa kuwa tumefundishwa kwamba mkubwa akibeba kitu mdogo anakimbia kukipokea. Ndiyo maana umwambie mapema, waziwazi: “Mama, nimekuja nione siku yako inavyokwenda, nijue wapi tusaidie na wapi tusiguse.” Wazee wengi wanalipokea neno hili vizuri kuliko tunavyodhani. Wasichokipenda ni kuchunguzwa kimyakimya, kisha kusomewa hukumu.

Wataalamu wa afya wana orodha zao za kupimia. Mmarekani Sidney Katz na wenzake walichapisha yao mwaka 1963: kuoga, kuvaa, kwenda msalani, kuinuka kitandani au kitini, kuzuia haja, na kula. Mwaka 1969 Wamarekani wengine, Lawton na Brody, wakaongeza shughuli zinazohitaji akili na mpangilio zaidi: kutumia simu, kununua mahitaji, kupika, kutunza nyumba, kufua, kusafiri, kufuata dawa, na kushughulikia fedha. Kwa kawaida hizi za pili ndizo zinazotangulia kuyumba. Mzee anayevaa na kuoga vizuri kabisa anaweza kuwa ameshashindwa na dawa na fedha mwaka mzima, na hakuna aliyejua, kwa sababu kila mgeni anamkuta msafi.

Lakini orodha hizo zilitungwa kwa watu wa mazingira mengine. Baba ambaye maisha yake yote hakuwahi kupika, leo ukimkuta hapiki hujajua lolote kuhusu afya yake. Watafiti waliofanya kazi na wazee wa Wilaya ya Hai, hapo hapo Kilimanjaro, waliligundua tatizo hili na wakatengeneza maswali yanayolingana na maisha ya kijijini. Katika kipimo chao cha kumbukumbu na fikra, badala ya karatasi na kalamu ambazo wazee wengi hawakuzizoea shuleni, mzee anaombwa kupanga njiti za kiberiti kwa umbo aliloonyeshwa. Nawe fanya vivyo hivyo. Andika shughuli za mzazi wako mwenyewe: kuwasha jiko, kuchota maji, kumkatia ng'ombe majani, kufika jumuiya au msikitini, kupokea mgeni, kupeleka mchango wa msiba, kukaa kwenye kikao cha ukoo na kutoa neno linaloeleweka. Kisha kwa kila moja uliza: mwaka jana aliifanya? Kama aliifanya na sasa ameiacha, kwa nini? Ulinganisho wenye maana ni kati yake wa leo na yeye wa jana. Usimlinganishe na mama wa jirani anayepanda mlima akiwa na miaka 85.

Hiyo “kwa nini” ndiyo yenye kazi. Chukua dawa. Ukimuuliza mama kama anakunywa dawa zake za presha atakujibu ndiyo, na hadanganyi. Mwombe akuonyeshe. Hapo ndipo linatoka kopo la maziwa ya unga lenye vidonge vya miaka miwili, vingine vimetolewa kwenye pakiti, pamoja na pakiti mbili zenye majina tofauti ambazo ukisoma maandishi madogo unakuta ni amlodipine zote mbili, moja ya kampuni hii na nyingine ya kampuni ile. Anameza zote kwa uaminifu mkubwa, yaani anajipa dozi mara mbili. Chukua kadi ya kliniki, tazama tarehe aliyopewa na idadi, kisha hesabu vilivyobaki. Kama alipewa 30 siku kumi zilizopita na anapaswa kumeza kimoja kwa siku, vibaki 20. Vikibaki 27 au 12, kaa naye mzungumze bila ukali.

Usikimbilie kusema amesahau. Huenda macho hayaoni maandishi. Huenda anagawa vidonge ili vifike mwisho wa mwezi kwa sababu nauli ya kliniki haipo. Na wapo wengi wanaoruka dawa ya kupunguza maji mwilini siku ya ibada au ya soko, kwa sababu ukiimeza asubuhi utatafuta choo kila baada ya muda mfupi, na kanisani au sokoni choo ni mbali. Huyo akili yake inafanya kazi vizuri kabisa. Amepima mambo mawili akachagua heshima yake. Anachohitaji ni daktari amwambie kama siku hiyo anaweza kuimeza saa nyingine. Ukimhamisha mjini kwa kosa hilo, utakuwa umetibu ugonjwa ambao hana.

Fedha nazo zitazame kwa matendo. Mwombe anunue umeme kwa simu au amtumie mtu shilingi elfu mbili, uone kama anafuata hatua hadi mwisho. Uliza kwa upole nani mwingine anayejua namba yake ya siri. Mara nyingi ni mjukuu, mara nyingine ni wakala, na wengi wao ni waaminifu. Ila lazima mtu mzima mmoja wa familia ajue. Pita dukani anapokopa. Deni linalopanda bila sababu, au mwenye duka akikuambia kwamba mama amelipa sukari ile ile mara mbili, ni habari kubwa kuliko jina la mtu alilosahau mezani. Kwa wenye wazazi Zanzibar, ambako pensheni jamii kwa waliofikisha miaka 70 ilianza kulipwa mwaka 2016, na kwa walio Kenya, ambako mpango wa Inua Jamii unawapa wazee wa umri huo fedha za kujikimu, angalia pia kama fedha hizo zinafika mkononi mwa mwenyewe au zinaishia kwa anayekwenda kumchukulia.

Sasa usiku. Kama ningeruhusiwa kuangalia saa moja tu kati ya 24 za mzee anayekaa peke yake, ningechagua ile ya kuamkia haja. Giza, usingizi bado uko machoni, presha inashuka anapoinuka ghafla, mlango una kizingiti, choo kiko nje, na kwenye mteremko wa Kilimanjaro wakati wa masika njia ya kwenda huko ni utelezi mtupu. Tembea njia hiyo wewe mwenyewe usiku, kwa tochi yake na kandambili zake. Utaona jiwe linalocheza, kamba ya kuanikia nguo iliyo usawa wa uso, swichi iliyo mbali na mlango. Mambo haya yanarekebishika kwa mafundi wawili na mfuko wa saruji: reli ya kushikia kuanzia mlangoni hadi chooni, ngazi mbili badala ya mteremko, taa inayowaka yenyewe mtu akipita, ndoo yenye mfuniko chumbani kwa usiku wa mvua, na kiti chenye tundu kwa asiyeweza kuchuchumaa.

Kwa nguvu za miguu kuna vipimo viwili rahisi ambavyo mtu yeyote mwenye simu yenye saa anaweza kuvifanya. Cha kwanza: mzee aketi kwenye kiti cha kawaida, asimame, atembee mita tatu kwa mwendo wake wa kila siku, ageuke, arudi aketi. Akitumia sekunde 12 au zaidi, yuko kwenye hatari ya kuanguka. Cha pili kimo katika mwongozo wa Shirika la Afya Duniani: mikono imekunjwa kifuani, asimame na kuketi mara tano mfululizo. Akishindwa kumaliza ndani ya sekunde 14, anahitaji kupimwa zaidi na, ikiwezekana, kuonwa na mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Kaa karibu naye umdake akiyumba. Miguu dhaifu hupata nguvu kwa mazoezi hata mtu akiwa na miaka 80, kwa hiyo matokeo mabaya leo yasichukuliwe kuwa ndiyo mwisho.

Kuhusu kuanguka, usiishie kuuliza ni mara ngapi. Uliza alikaa chini muda gani, aliinuka mwenyewe au aliinuliwa, na nani alifika kwanza. Aliyeanguka mara mbili akanyanyuka, akajifuta na kuendelea kupalilia, yuko kwenye hali nyepesi kuliko aliyeanguka mara moja jioni akapatikana asubuhi.

Jikoni kaa tu umwangalie akipika. Nilimtazama shangazi yangu akiwasha kuni kwenye mafiga: alizipanga, akapuliza, akasogeza kuni moja nyuma moto ulipopanda, akainua sufuria kwa majani ya mgomba bila hata kuangalia. Kwenye jiko hilo hilo kulikuwa na mtungi wa gesi ambao watoto walimletea kwa mapenzi, naye aliufungua, akaanza kutafuta kiberiti huku gesi ikitoka. Kwa kuni alikuwa salama, kwa gesi alikuwa hatarini, na mtu aliyemwona kwenye gesi peke yake angesema mama huyu hawezi tena kupika. Sufuria zilizoungua chini, chakula kilichochacha kabatini na mboga yenye chumvi mara mbili ni dalili za kuzingatia. Moto uliosahauliwa ukiwaka huku mpishi amekwenda kulala ni dalili nzito zaidi.

Na kichwa? Hapa familia nyingi hukosea kwa haraka. Mtu aliyekuwa vizuri Jumatatu, Alhamisi akawa haelewi yuko wapi, anaona watu wasiokuwepo au analala mchana kutwa, huyo ni mgonjwa wa leo na anapaswa kufika hospitali leo. Inaweza kuwa malaria, maambukizi ya mkojo, homa ya mapafu, upungufu wa maji, sukari iliyoshuka, au dawa mpya. Ikitibiwa mapema, fahamu kwa kawaida hurudi, ingawa huchukua muda. Kupungua kwa miezi na miaka ni jambo jingine: kurudia swali lile lile ndani ya saa moja, kupotea njia ya shamba aliyoipita miaka 50, kushindwa kupanga kazi alizozizoea. Huyo naye apimwe, kwa kuwa kabla ya kutamka ugonjwa wa kupungua kwa akili lazima yaondolewe mengine yanayofanana nao. Asiyesikia atajibu ovyo. Mwenye mtoto wa jicho atashindwa kutambua sura, na mtoto wa jicho hufanyiwa upasuaji mtu akaona tena. Aliyefiwa na mwenzi wake miezi sita iliyopita anaweza kuacha kula, kuacha kuoga na kusahau kila kitu kwa huzuni. “Ni uzee tu” si jibu la kitabibu, na kusingizia uchawi ni hatari kubwa. Kanda ya Ziwa wamewahi kuuawa akina mama wakongwe kwa tuhuma za uchawi, tuhuma zilizotokana na macho mekundu ya moshi wa kuni. Kwa mama anayekaa peke yake, maneno ya mtaani yanapaswa kuwemo kwenye tathmini yenu sawa na presha yake.

Kuna swali moja ambalo halimo kwenye orodha za Wamarekani wale nami naliweka juu sana: mlango wa mama ukiwa haujafunguliwa hadi saa tatu asubuhi, nani atajua? Kijijini mara nyingi wapo. Jirani anayesikia kama kuni zinapasuliwa, mama wa jumuiya ndogondogo, mwenyekiti wa kitongoji, kijana wa maziwa anayepita alfajiri. Andika majina yao na namba zao, wasalimie, waulize wanaonaje hali yake. Wanajua mengi kuliko ninyi. Ukikuta hakuna hata mmoja, hilo ni pengo la kuzibwa kabla ya jingine lolote, na pengine posho ndogo ya mwezi kwa jirani mwaminifu ingezuia safari yote ya kuhama.

Maana uwezo wa mtu haukai mwilini mwake peke yake. Mama anayejua kila jiwe la njia yake akipelekwa ghorofa ya tatu Sinza, Dar es Salaam, kwenye jiko asilolijua, geti linalofungwa, wenye nyumba wanaotoka alfajiri na kurudi usiku, na binti wa kazi ambaye naye ni mgeni, ataonekana hajiwezi ndani ya mwezi mmoja. Hatoki, kwa hiyo miguu inalegea. Haulizwi ushauri wa msiba wala wa mbegu, kwa hiyo anaacha kusema. Mnasema vizuri tulimleta, ameshazeeka mno, kumbe kuhama kwenyewe kumechangia. Simaanishi kwamba kuhama ni kosa siku zote. Mzee asiyeweza kufika chooni bila mtu, anayepotea akitoka, anayesahau moto mara kwa mara, anayekosea sindano za insulini, asiyeweza kuinuka akianguka, au anayeibiwa na kupigwa na mtu wa karibu, huyo asiachwe peke yake hata wiki moja. Ila hata yeye, swali la kwanza ni kama mtu anaweza kuja kulala kwake, kabla ya swali la yeye kwenda kulala kwa mtu.

Na huyo mtu asiwe mtoto. Nimeona mara nyingi mno mjukuu wa darasa la tano anatolewa mjini “akakae na bibi.” Mchana anasoma akiwa na usingizi, usiku anamnyanyua mtu mzima mwenye kilo 70. Mjukuu anaweza kuchota maji na kumsomea bibi ujumbe wa simu. Kumuuguza na kulinda dawa zake ni kazi ya mtu mzima anayelipwa, au ya mtoto wake mkubwa aliyekubali kwa hiari yake. Vilevile, dada mmoja ambaye hajaolewa asibebeshwe kila kitu kwa sababu hana pa kukataa. Gawaneni kwa fedha na kwa siku. Aliye mbali atoe fedha, aliye karibu atoe siku, na anayetoa siku asihesabiwe kuwa ndiye aliyetoa kidogo.

Mkishajua yote hayo, keti na mama mwenyewe, mchana, mezani, si nyuma ya nyumba. Muulize anaogopa nini zaidi, na nini hawezi kukiacha. Majibu huwa tofauti na mnavyotarajia. Mwingine haogopi kuanguka, anaogopa kufia ugenini. Baba mmoja atakubali msaada wote isipokuwa kuogeshwa na binti yake. Basi tafuteni mwanamume wa kumwogesha. Mzee mwenye akili timamu ana haki ya kuchagua hatari yake, kama vile mtoto wake anavyochagua kupanda bodaboda kila siku. Kazi yenu ni kuipunguza hatari hiyo na kuhakikisha ameielewa. Kumlazimisha kwa upendo bado ni kumlazimisha.

Yaandikeni mliyoyakubaliana kwenye ukurasa mmoja wenye tarehe: anafanya nini mwenyewe, anasaidiwa nini na nani, na dalili gani zikionekana mtakutana tena bila kusubiri Desemba. Rudieni tathmini kila baada ya miezi sita, na pia akifiwa au akilazwa. Wiki aliyotoka hospitali msiamue lolote la kudumu. Siku kumi za kitanda huondoa nguvu za miguu ya mzee, na nyingine hurudi akila vizuri na kutembezwa kila siku. Kama mmeona lazima ahamie mjini, na iwe kwanza kwa majaribio ya miezi miwili au mitatu. Katika muda huo nyumba isipangishwe, ng'ombe apewe jirani amtunze lakini asiuzwe, na ufunguo wa mlango akae nao mama mwenyewe.